Jibu: Kulinda hifadhidata ya duka lako la mtandaoni

Ndugu wa Kisumu, nimekuelewa: duka lako la viatu linatumia MySQL, programu ya kutunza hifadhidata, na fundi aliyeondoka bado anaijua nywila ya msimamizi mkuu. Ibadilishe leo hii, kisha uiundie programu ya duka akaunti yake isiyo na ruhusa ya kufuta majedwali. Funga poti 3306, yaani mlango ambao MySQL hupokelea mawasiliano, isifikiwe kutoka kwenye intaneti. Mimi niliiacha wazi nikiwa Nakuru, na asubuhi moja nikakuta majedwali yote yametoweka, pamebaki ujumbe wa kudai pesa, huku nakala ya akiba, ambayo kwa uzembe wangu ilikaa kwenye seva hiyohiyo, nayo imefutwa. Namba za wateja zikivuja, tafuta mtaalamu na wakili upesi, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa saa 72 tangu ugundue kumwarifu Kamishna wa Data.