Nimevunja mfungo siku ya tisa: je, bado nimehesabiwa haki?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Huu ni mwaka wa sita tangu niokoke. Mwezi uliopita tulitangaziwa mfungo wa siku 21, nikaishia siku ya tisa kwa sababu nina vidonda vya tumbo. Mtumishi anayeniombea amesema imani yangu imepungua na haki yangu mbele za Mungu imetikisika, na kwamba ili irudi nitoe sadaka ya kujimaliza, shilingi 200,000. Najua hatuhesabiwi haki kwa sheria ya Musa. Lakini Yakobo 2:24 si inasema mtu huhesabiwa haki kwa matendo, wala si kwa imani peke yake? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Amina, dada yangu. Kwanza kula, na umeze dawa zako kama daktari alivyokuelekeza. Pili, hizo shilingi 200,000 usizitoe.

Nafundisha Agano Jipya kwenye chuo cha Biblia, na maswali kama lako napokea karibu kila wiki. Tofauti huwa ni idadi ya siku na kiasi cha fedha tu. Kinachoniumiza ni ile sentensi uliyoiandika kwa haraka kana kwamba jambo lake limekwisha: “Najua hatuhesabiwi haki kwa sheria ya Musa.” Wengi wetu tumeifanya sheria kuwa tohara, nguruwe na Sabato basi, tukaiaga. Kisha tumetunga nyingine: siku 21, mikesha mitatu kwa mwezi, urefu wa sketi, kusuka au kutosuka, sadaka ya “mbegu” ya kiasi fulani madhabahuni. Hiyo nayo ni sheria, tena ni mbaya kuliko ya Musa, maana ya Musa angalau Mungu aliitoa.

Soma waraka wa Paulo kwa Wagalatia ukiwa na jambo hili kichwani. Wale walimu waliowavuruga Wagalatia hawakumkana Yesu. Walimhubiri, wakaongeza neno moja dogo, “na”: Yesu na tohara. Hata Petro kule Antiokia hakuikana injili kwa kinywa. Aliinuka tu mezani pa watu wa Mataifa kwa kuwaogopa waliotoka kwa Yakobo, na Paulo akamkemea mbele ya wote. Kwa Paulo, hiyo “na” ndiyo inayoua. “Ikiwa haki hupatikana kwa njia ya sheria, basi Kristo alikufa bure” (Gal. 2:21). Na mstari unaofuata tu anauliza, “Ni nani aliyewaloga?” Neno zito hilo. Sisi tunaojua uzito wa kulogwa hatupaswi kulipita upesi.

Sasa tuje kwenye “kuhesabiwa haki”, yaani Mungu kumtangaza mtu kuwa mwenye haki. “Kuhesabiwa” ni neno la daftari. Fikiria daftari la madeni dukani kwa Mangi. Umekopa unga, mafuta na sukari, jina lako liko pale na jumla yake. Siku moja Mangi anakuambia, “Deni lako limelipwa, nimelifuta.” Wewe umefanya nini? Umesikia na umesadiki, umerudi nyumbani bila kujificha njiani. Warumi 4 yote imejengwa juu ya neno hilo la hesabu, na Paulo anaweka wazi kwamba afanyaye kazi hupewa ujira, ambao ni haki yake, lakini Mungu humhesabia haki asiye haki. Asiye haki, dada. Hakusema aliyemaliza siku 21.

Tena Paulo anaangalia tarehe. Ibrahimu alihesabiwa haki katika Mwanzo 15. Ishmaeli akazaliwa baadaye, baba yake akiwa na miaka 86. Tohara inakuja Mwanzo 17, Ibrahimu ana miaka 99 na Ishmaeli ana 13. Miaka 13 na zaidi mzee yule alikuwa mwenye haki mbele za Mungu pasipo alama yoyote mwilini.

Hapo ndipo mtumishi wako amepindisha. Hakusema haki yako imetikisika kwa sababu umevunja sheria. Amesema imani yako imepungua. Ameigeuza imani kuwa sarafu, ukiwa nayo nyingi unanunua, ikipungua unaongezea kwa fedha taslimu. Imani haijawahi kuwa malipo. Ukivuka kwenda Kigamboni kwa pantoni, anayetetemeka na anayesinzia wanafika ng'ambo pamoja, kwa kuwa kinachowabeba ni pantoni. Ukitaka kujua kama haki yako ipo, usipime moyo wako. Uliza kama Kristo amefufuka.

Kuhusu Yakobo: anasema na mtu anayedai ana imani huku akimwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa, “Enendeni zenu kwa amani.” Imani ya namna hiyo hata mashetani wanayo, nao hutetemeka. Matendo anayoyataja yote ni matunda ya imani iliyo hai, na Ibrahimu anayemtaja ni yule wa Mwanzo 22, aliyekwisha kuhesabiwa haki zamani. Lakini angalia jambo moja: katika sura ile Yakobo ametaja nguo na chakula cha wahitaji. Mfungo hakuutaja hata mara moja.

Aliyeutaja ni mwingine. Luka 18, watu wawili walipanda hekaluni. Mmoja alimweleza Mungu kwamba hufunga mara mbili kwa juma na hutoa zaka katika mapato yake yote. Mfungo na sadaka, yale yale uliyodaiwa. Mwenzake alijipiga kifua tu. Yesu anasema huyo wa pili ndiye aliyeshuka nyumbani amehesabiwa haki.

Sikatazi kufunga. Mimi mwenyewe hufunga, na Yesu alifundisha tufunge kwa siri, mbele za Baba. Kinachotangazwa, kikahesabiwa siku na kutozwa faini ni kitu kingine kabisa.

Na wasomaji wengine mnisikie pia, kwa kuwa jambo hili halijaanza leo. Mwaka 1517 Johann Tetzel alikuwa akiuza vyeti vya msamaha huko Ujerumani, na watu wa Wittenberg walivuka mpaka kumfuata. Nusu ya fedha ilikwenda kujenga Kanisa la Mtakatifu Petro Roma, nusu ikalipa deni la Askofu Mkuu Albrecht kwa benki ya Fugger. Ndipo Martin Luther, mtawa na mwalimu wa Wittenberg, akaandika hoja zake 95 kuipinga biashara hiyo. Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja Augsburg mwaka 1999 kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema pekee, pasipo kustahili kwetu. Wao wamekaa meza moja baada ya karibu miaka 500. Wenzetu huku wanauza chupa za mafuta, maji na chumvi, kila chupa na bei yake, na wanaonunua ni wajane, wagonjwa na wasio na kazi. Petro alimwambia Simoni mchawi, aliyetaka kununua karama ya Mungu, kwamba fedha yake ipotelee mbali pamoja naye (Mdo. 8:20). Sioni kwa nini sisi tuseme kwa upole zaidi.

Dada, Jumapili ukiulizwa uliishia siku ya ngapi, sema ya tisa, tumbo lilikuuma. Kisha keti uabudu. Wakikuzuia mpaka ulipe, chukua Biblia yako utafute kanisa jingine hapo hapo Morogoro.