Injini inachemsha, kompresheni imeshuka: maswali kutoka Tabora na Kigoma

Wengi mnaotuandikia mnataka kujua kama ni lazima injini ifunguliwe. Tunawasihi sana mpime kwanza. Hedi (sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda) ikishafunguliwa, ushahidi mwingi wa ugonjwa unapotea, na gasketi mpya (kizibo chembamba kati ya hedi na bloku) hailiponyi gari ambalo sababu ya kuchemsha haijajulikana.

Nina Corolla ya injini ya 5A. Nikiwa mwendoni mshale unakaa katikati, lakini nikisimama stendi abiria washuke unapanda hadi kwenye nyekundu. Naambiwa gasketi ya hedi imekufa. Ni kweli? (Isevya, Tabora)

Usikubali hedi ifunguliwe bado. Gari linalopoa likitembea linakwambia kwamba upepo wa safari unafanya kazi ambayo feni imeshindwa kuifanya. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 90 kipimo chake ni rahisi: zima AC, washa swichi bila kuwasha injini, kisha chomoa soketi ya swichi ya joto inayoamuru feni. Feni inatakiwa izunguke papo hapo, kwa sababu swichi ile hukata mkondo maji yakifika kama nyuzi 93, na mkondo ukikatika ndipo feni huwaka. Ikizunguka, feni na rilei yake (swichi ya umeme inayoipa feni mkondo) ni nzima, kwa hiyo badilisha swichi. Isipozunguka, angalia fyuzi na rilei, halafu ipe mota ya feni umeme wa betri moja kwa moja. Mota ikizunguka kivivu, brashi zake zimekwisha.

Kagua pia nafasi kati ya rejeta na kondensa (rejeta nyingine, ya AC, iliyo mbele yake). Kiangazi vumbi na mbegu za majani hushindiliwa pale hadi upepo haupiti. Pitisha maji ya bomba yasiyo na kasi kubwa kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya kuoshea magari inalaza mapezi ya rejeta, na yakilala umejiongezea tatizo.

Gari langu linachemsha kila nikipanda kwenda Manyovu. Fundi ameondoa thamostati lakini hakuna nafuu. Maji ninayoweka ni ya ziwani, tena masafi kabisa. (Ujiji)

Maji ni masafi kwa macho, ila kwa rejeta hayafai. Maji ya Ziwa Tanganyika yana magnesiamu nyingi na yana hali ya magadi, pH yake ikikaribia 9. Yakichemka na kuongezwa mara kwa mara huacha ukoko kama ule wa ndani ya birika, na ukoko huo huzuia joto lisitoke kwenye chuma kwenda kwenye maji. Magadi nayo hula aluminiamu, na hedi yako huenda ni ya aluminiamu. Tumia kulanti (dawa ya maji ya rejeta) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Ukikosa, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi ni bora mara nyingi kuliko ya ziwa. Injini ndogo ya silinda nne inabeba kama lita 5 hadi 6, kwa hiyo gharama yake si ya kutisha.

Rejeta ipime hivi: injini ikishapata moto, zima, chomoa soketi ya feni, halafu pitisha kiganja juu ya mapezi bila kuyagandamiza. Sehemu zilizo baridi ni mirija iliyoziba. Rejeta ya shaba inaweza kufunguliwa na fundi na kuzibuliwa kwa waya, lakini ya aluminiamu yenye tanki za plastiki afadhali uibadilishe. Kisha mwambie mtu akanyage mafuta huku ukiutazama mpira wa chini wa rejeta. Ukinyonyeka na kujibana, umelainika, na mlimani unayakata maji wakati injini inayahitaji kuliko wakati wowote.

Thamostati (vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kwenye rejeta) irudishwe. Kwenye injini nyingi za Toyota hiyo ndiyo inayoifunga njia ya mkato wa maji moto. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na mlimani hali inakuwa mbaya zaidi. Kwenye tambarare nako injini haifiki joto lake, inakula mafuta na ringi zinalika. Ipime kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto: inaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na ikifika 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Ukiifunga, kile kitundu chenye kipini kinachocheza kiangalie juu ili hewa ipate pa kutokea.

Kifuniko cha rejeta nacho ni kipuri kamili. Kigoma maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi kama 97. Chini ya kifuniko kizima cha baa 0.9 yanavumilia hadi karibu 117. Raba yake ikipasuka, umepoteza nyuzi 20 za usalama kwa kitu cha bei ndogo.

Injini ya 4A imepoteza nguvu baada ya kuchemsha. Kompresheni imesoma 155, 70, 75 na 160. Vitabu vinasema 191. Je, ringi zimekwisha zote? (Ipuli, Tabora)

Hapana. Kompresheni ni mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, na namba zako ni za psi. Ringi ni pete za pistoni zinazouzuia usivuje. Kwanza tuirekebishe hiyo 191. Kiwango hicho, pamoja na kikomo cha chini cha psi 142, ni cha usawa wa bahari. Tabora iko kama mita 1,200 juu, na hewa ya huku ni pungufu kwa karibu asilimia 12. Injini mpya ingesoma kama 168 hapo Ipuli, na kikomo kingeshuka hadi kama 125. Kwa hiyo 155 na 160 ni silinda zenye afya. Tumeona watu wanabadilishiwa ringi kwa kosa hili la hesabu, na inatuuma.

Hakikisha pia kipimo kilifuata utaratibu: injini moto, plagi zote nne nje, soketi ya distribyuta na soketi za injekta zimechomolewa, mafuta yamekanyagwa hadi chini, betri imejaa, na stata imezungusha mizunguko ile ile kwa kila silinda, minne au mitano. Asipokanyaga mafuta, silinda zote zitasoma chini kwa usawa. Taimingi belti (mkanda unaopatanisha vali na pistoni) iliyoruka meno nayo huzishusha zote kwa pamoja. Zako hazikushuka zote. Zimeshuka mbili zinazopakana, namba 2 na 3.

Sasa weka kijiko kimoja cha oili kwenye silinda ya 2, zungusha, pima. Halafu ya 3. Namba ikipanda sana, oili imeziba pengo la ringi. Ikibaki pale pale, upepo unatokea juu, kwa vali au gasketi. Ili kutenganisha hizo mbili, fika kwa fundi matairi mwenye kompresa. Pistoni ya silinda ya 2 iwe juu kabisa vali zikiwa zimefungwa, gari kwenye gia ya nne na hendibreki imevutwa, mikono mbali na belti. Toa kile kivali kidogo kwenye mpira wa geji ya kompresheni, ufunge mpira kwenye tundu la plagi, kisha ingiza upepo wa psi 50. Sikiliza: kwenye eksozi ni vali ya moshi, kwenye koo la hewa ni vali ya kuingiza, kwenye mdomo wa oili ni ringi, mapovu kwenye rejeta ni gasketi au ufa. Upepo ukitokea kwenye tundu la plagi ya silinda ya 3, gasketi imeungua kati ya hizo mbili. Kwa namba zako, hilo ndilo tunalolitarajia.

Hedi ifunguliwe ikiwa baridi, bolti zikilegezwa kidogo kidogo kutoka pembeni kwenda katikati. Weka rula ya chuma nyoofu, kwa urefu na kwa kukatiza pembe, ukipima pengo kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Pengo likizidi milimita 0.05, ikachongwe. Kausha matundu ya bolti kwenye bloku, kwa sababu oili au maji yaliyobaki chini yanadanganya spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) na yanaweza kupasua chuma. Kufunga kunaanzia katikati: Nm 29 zote, kisha nyuzi 90, kisha nyuzi 90 tena. Bolti fupi zinakaa upande wa hewa, ndefu upande wa moshi.

Asubuhi za Julai gari linatoa moshi mweupe kisha unakoma. Niogope? (Urambo)

Ukikoma ndani ya dakika chache na maji hayapungui, ni unyevu wa eksozi tu. Ukiendelea injini ikiwa moto, na rejeta inadai maji kila siku, pima kama tulivyoeleza hapo juu.

Mshale ulipanda, kisha ukashuka wenyewe, nikaendelea na safari. Baada ya muda injini ikaanza kugonga. (Kaliua)

Pole sana. Mshale ulishuka kwa sababu maji yalikwisha. Sensa ikibaki kwenye mvuke mtupu husoma joto dogo huku chuma kinaungua. Ukiona hivyo, zima mara moja, usifungue kifuniko, na usimwage maji baridi kwenye injini moto kwani hedi hupasuka. Subiri walau dakika 45. Sasa usiiwashe kabla ya kupima kompresheni na kuangalia oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia.

Hilux ya 3L dizeli ni ngumu kuwaka asubuhi. Nitumie kipimo cha oili kama kwa petroli? (Kibondo)

Usithubutu. Chumba cha dizeli ni kidogo mno, oili haibanwi, na koni rodi (mkono unaoishika pistoni) inaweza kupinda. Geji ya petroli nayo inaishia psi 300 tu, wakati 3L nzima inafika kama 455 usawa wa bahari, kikomo kikiwa 284. Dawa ya kupulizia kwenye hewa nayo iache, ikikutana na glo plagi (plagi za kupasha chumba cha dizeli) zenye moto inavunja ringi.

Anza na glo plagi zenyewe: zitoe, zipe umeme wa betri moja moja, na ncha iwe nyekundu ndani ya sekunde chache. Zikiwa nzima, pima nafasi za vali injini ikiwa baridi, milimita 0.20 hadi 0.30 za kuingiza, 0.40 hadi 0.50 za moshi. Vali iliyokosa nafasi haifungi sawasawa, na kuirekebisha hakudai hedi itolewe.