Maswali yenu kuhusu Ness, Capone na filamu ya The Untouchables

Nilipoiweka The Untouchables ya mwaka 1987 kwenye orodha ya filamu za majambazi zinazofaa kurudiwa, maswali yalimiminika. Kwa ambao hawajaiona: ni Chicago ya enzi za marufuku ya pombe. Eliot Ness (Kevin Costner), afisa kijana wa Hazina ya Marekani, anatafuta watu watatu wasionunulika ili wamwangushe Al Capone (Robert De Niro), bosi wa genge linalouza pombe haramu. Mwongozaji ni Brian De Palma na mwandishi wa filamu ni David Mamet. Majibu haya yanafichua mpaka mwisho wake, kwa hiyo anayetaka kuitazama kwanza aishie hapa.

Hiki ni kisa cha kweli, au wametunga?

Mji ni wa kweli, Capone ni wa kweli, kifungo ni cha kweli. Baada ya hapo chumvi imemwagwa, na wa kwanza kuimwaga alikuwa Ness mwenyewe, katika kitabu alichoandika pamoja na mwanahabari Oscar Fraley. Kilitoka mwaka 1957, Ness akiwa ameshafariki Mei mwaka huohuo. Kikafuata kipindi cha televisheni kuanzia 1959 hadi 1963, ndipo ikaja filamu. Kila aliyekipokea kisa alikiongeza utamu.

Kikosi chenyewe kilikuwa na watu kama kumi, si wanne. Malone, yule polisi mzee wa Sean Connery, hakuwahi kuwepo. Mtoto wa Ness tunayemwona akibusiwa usiku hakuwepo pia. Lakini hongo walizikataa kweli, na magazeti ndiyo yaliyowapa jina la The Untouchables, yaani wasiogusika. Viwanda vya bia walivivamia kweli, wakibomoa milango kwa lori lililofungwa chuma mbele.

Mtu ameua watu wengi hivyo, halafu anafungwa kwa sababu ya kodi? Mbona sielewi.

Ungeelewa kama filamu ingetaka uelewe. Tulia hapa kidogo, maana sehemu hii ndiyo tamu kuliko bunduki zote.

Kumshtaki Capone kwa mauaji kulihitaji shahidi, na shahidi Chicago alikuwa ama amelipwa, ama anaogopa, ama amezikwa. Watu 7 walipopigwa risasi ndani ya gereji Februari 14, 1929, Capone alikuwa Florida, na hakuna aliyewahi kuhukumiwa kwa mauaji yale. Lakini mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba hata pato la biashara haramu lina kodi yake. Uamuzi huo ulifungua mlango ambao Capone hakuufikiria. Hakuwa na akaunti ya benki kwa jina lake, hakusaini karatasi, alilipa taslimu kila kitu. Hakuwahi hata mara moja kupeleka hesabu za mapato yake serikalini.

Aliyeingia kwenye mlango huo ni Frank Wilson, mpelelezi wa kodi. Madaftari ya nyumba moja ya kamari huko Cicero, kitongoji cha Chicago, yalikuwa yamekamatwa na polisi mwaka 1926, yakawekwa, yakasahaulika. Wilson aliyakuta miaka kadhaa baadaye. Ndani yake faida imegawanywa, kila mkubwa na fungu lake. Kazi iliyobaki ilikuwa kujua huo mwandiko ni wa nani. Yeye na wenzake wakakusanya miandiko ya watu wa Capone kutoka kila walikoweza, wakailinganisha, mpaka wakamfikia karani mmoja, Leslie Shumway, ambaye walimpata Florida na wakamshawishi atoe ushahidi. Kesi ilisikilizwa Oktoba 1931. Hukumu: miaka 11 jela na faini ya dola 50,000.

Na Ness? Kikosi chake kilikusanya ushahidi wa pombe uliozaa mashtaka yapatayo 5,000, ambayo hayakusikilizwa kamwe. Sasa angalia filamu inavyofanya: mhasibu wa kikosi, yule mfupi wa miwani aliyeigizwa na Charles Martin Smith, ndiye anayekuja na wazo la kodi. Naye anauawa ndani ya lifti hata kabla kesi haijaanza! Kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko yote ya kihistoria. Wametoa sifa ya kalamu wakaipa bastola.

Jaji anaweza kweli kubadilisha juri katikati ya kesi, kama kwenye filamu?

Katikati, hapana. Lakini kabla kesi haijaanza, Jaji James Wilkerson alibadilishana kweli na jaji mwenzake orodha ya raia waliokuwa wameitwa kuamua kesi ile, baada ya kusikia kwamba watu wa Capone wameanza kuwahonga. Kichekesho ni wakili wa Capone kwenye filamu, anayesimama na kukiri kosa wakati mteja wake anapiga kelele asifanye hivyo. Mambo halisi yalikwenda kinyume: Capone mwenyewe alikiri mwanzoni akitegemea kifungo chepesi alichoahidiwa, jaji akasema ahadi hiyo haimfungi yeye, Capone akafuta kukiri kwake.

Sisi Kenya tulikuwa na sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Hii ya Marekani ilikuwa kama hiyo?

Si sawasawa. Sheria ya chang'aa ya 1980, iliyofutwa mwaka 2010, ilibana kinywaji kimoja; mwenye hela yake aliendelea kuketi baa na bia yake. Marekani walizuia vyote, kuanzia Januari 17, 1920 hadi Desemba 5, 1933: bia, mvinyo, wiski. Waliozuiwa ni watengenezaji, wauzaji na wasafirishaji. Kunywa kwenyewe hakukuwa kosa, na daktari aliweza kukuandikia wiski kama dawa. Sasa piga hesabu: wanywaji wa nchi nzima wapo, muuzaji halali hayupo. Capone alikabidhiwa soko na serikali.

Ile sehemu ya kigari cha mtoto kwenye ngazi, walitoa wapi wazo?

Kwa Warusi. Mwaka 1925 mwongozaji Sergei Eisenstein, katika Battleship Potemkin, filamu ya mabaharia walioasi, alionyesha kigari kikiteremka ngazi za mji wa Odessa huku askari wanafyatua risasi, na De Palma hakuificha heshima yake: hata mabaharia amewaweka. Mamet alikuwa ameandika tukio la treni, likaonekana ghali, ndipo wakahamia kwenye ngazi za stesheni ya Union, Chicago.

Ukirudia kuitazama, zingatia dakika za kabla ya risasi. Ness yuko juu ya ngazi akimsubiri mtunza hesabu wa Capone. Saa inasogea. Chini kuna mama na mizigo, anavuta kigari kidaraja kimoja kimoja, magurudumu yanagonga. Ness anatazama mlango, anamtazama mama, anatazama mlango. Muziki wa Ennio Morricone unacheza kama wa kumbembeleza mtoto. Mwishowe anashindwa kuvumilia, anashuka kumsaidia, na maadui wanaingia wakati mkono wake umeshika kigari. Hakuna neno la maana linalosemwa. Costner, ambaye kwingine humu namwona mkavu, hapa anaweza kweli.

Kwa nini Sean Connery anaongea Kiskoti wakati Malone ni Mwairishi?

Kwa sababu ni Sean Connery. Oscar walimpa hivyohivyo, ya mwigizaji msaidizi.

Naweza kuitazama na watoto?

Hapana, dada. Mapema kabisa msichana mdogo analipuliwa kwa bomu dukani, na baadaye Capone anamponda mtu kichwa mezani kwa gongo la besiboli.

Frank Nitti, yule mtu wa Capone, alirushwa kweli kutoka juu ya paa kama kwenye filamu?

Wapi! Nitti alifungwa kwa kodi kama bosi wake, akatoka, akalishika genge kwa miaka mingine mingi. Alijiua kwa bastola kando ya reli Machi 19, 1943, siku moja baada ya kushtakiwa pamoja na wenzake kwa kuzitoza kampuni za filamu za Hollywood fedha kwa vitisho.