Kufundisha darasa la kwanza na la pili kwa nini majani hubadilika rangi

Usianze na picha za misitu ya Ulaya. Ukiwa pwani, anza na mkungu wa shuleni: okoteni majani ya kijani, ya njano na mekundu, watoto wayapange wenyewe kabla hujaeleza lolote. Tafuteni pia jani lililo nusu kijani nusu njano, muwaulize kijani kimebakia wapi.

Kisha jaribio. Katakata vipande vidogo sana majani sita ya mchicha wa kijani, tia kwenye glasi, mimina spiriti ifunike majani tu, ponda kwa kijiko na ufunike. Simamisha glasi kwenye bakuli la maji ya moto kwa nusu saa. Maji yatoke kwenye chupa ya chai, kamwe usipashe spiriti jikoni, maana hushika moto. Na kumimina ni kazi yako, si ya mtoto. Ning'iniza ukanda wa karatasi ya kuchujia kahawa, upana sentimita 2, ncha iguse spiriti kidogo tu. Baada ya saa moja hivi, kijani kitakuwa kimepanda na juu yake utaonekana mstari mwembamba wa njano. Anza kabla ya mapumziko.

Spiriti ikipauka, umeimimina nyingi au vipande ni vikubwa. Karatasi ya daftari hunyonya polepole mno. Mchicha mwekundu uache kabisa: wekundu wake ni wa aina nyingine, si ule wa majani yanayokaribia kuanguka.

Sasa eleza. Mti unapojiandaa kuangusha jani, huacha kutengeneza kijani, hukivunja na kurudisha shinani virutubisho vyake. Njano iliyokuwemo siku zote ndiyo inayobaki. Wekundu ni habari tofauti, na hapa walimu wengi huteleza: miti kama mepo (maple, mti wa nchi za baridi) huanza kuutengeneza mwishoni tu. Kwa hiyo usiwaambie watoto kwamba rangi zote zilikuwa zimejificha.

Ulaya hapo ndipo inaingia. Mchana wa London ni zaidi ya saa 16 mwezi Juni, na chini ya saa 8 Desemba. Dar es Salaam tofauti haifiki saa moja. Kufupika kwa mchana ndiko kunakoiashiria miti ya Ulaya kwamba wakati wa kuangusha majani umefika, baridi huongezea tu.

Mwisho muulize kila mtoto: njano imetoka wapi? Akijibu kwamba jani limeunguzwa na jua, mrudishe kwenye ule ukanda wa karatasi.