Nilimwambia mwalimu siri yangu, bweni zima likajua

Swali: Shikamoo Shangazi. Niko kidato cha tatu, shule ya bweni upande wa Tororo. Muhula uliopita nilimweleza mwalimu mlezi wa wasichana kwamba mama amefungwa. Jioni matroni alikuwa anajua, kesho yake wenzangu wakaanza kuniita mtoto wa jela. Sasa kuna kubwa zaidi. Mwalimu mmoja wa kiume ananiita kwake jioni nikachukue vitabu, kisha ananishikashika. Nimwambie nani atakayenyamaza?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kwanza kabisa, usikanyage tena nyumba ile, hata akikuita mbele ya darasa zima. Kosa ni lake, si lako.

Habari ya mama yako imeniuma. Nimekuwa mwalimu mlezi miaka mingi, najua siri zinavyotoka: mtoto anasikilizwa mlangoni mwa ofisi ya walimu huku wengine wakisahihisha madaftari, au maelezo yake yanaachwa wazi mezani. Kifungo cha mama hakikumhusu matroni, na hakupaswa kuambiwa bila ruhusa yako.

Hili la pili, mwanangu, si la kunyamaziwa. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18, Sheria ya Watoto ya Uganda, ilivyorekebishwa mwaka 2016, inamtaka mwalimu anayeona mtoto anadhulumiwa atoe taarifa. Anayekuahidi kwamba hatamwambia yeyote hakusaidii. Kabla hujaeleza lolote muulize: "Nikikuambia, nani mwingine atajua?" Mtu wa kuaminika atakutajia anayepaswa kujua, basi, na bweni halitasikia kitu. Akijibu juu juu, aga uondoke, tafuta mwingine.

Kama pale shuleni hakuna unayemwamini, ipo namba 116, iitwayo Sauti, simu ya msaada kwa watoto ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Kupiga ni bure. Najua simu hamruhusiwi, kwa hiyo omba ruhusa ya kwenda zahanati umweleze muuguzi, apige nawe mkiwa peke yenu. Siku ya kutembelewa usiingoje. Polisi nao wana kitengo cha familia na watoto, na wilayani yupo afisa wa ustawi wa jamii.

Andika tarehe alizokuita na aliyoyasema. Karatasi usiiweke kwenye sanduku lako, maana masanduku hukaguliwa; mpe muuguzi huyo akutunzie. Na ukikwama niandikie tena: ukikubali, nitampigia afisa wa wilaya mwenyewe, na nitakujulisha kila nitakalomwambia.