Nani anachagua vitabu vya darasa la kwanza? Nilichokiona nikiwa mwalimu wa taaluma

Mkuu, umeuliza kwa nini shule ya mwanao, English medium, imebadilisha vitabu vya kusoma na vya hesabu mara mbili ndani ya miaka miwili, na nani hasa anaamua. Nimekuwa mwalimu wa taaluma, yaani msimamizi wa masomo shuleni, serikalini, kisha shule ya binafsi, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Mtaala shule haichagui. Unatoka Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), na za binafsi zinaufuata vilevile. Vitabu ndivyo vyenye mambo. Enzi za MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi), kuanzia 2002, shule zilinunua kwa ruzuku, zikichagua vyenye ithibati, yaani idhini rasmi, kutoka kwa wachapishaji mbalimbali. Mwaka 2013 uandishi wa vitabu vya kiada, vile vikuu vya kufundishia somo, ukarudishwa TET. Vya ziada shule bado inajichagulia, mradi viwe na ithibati ya Kamishna wa Elimu, na hapo ndipo orodha yenu inapobadilikia.

Mtaala wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) ulipoanza 2015 nilikuwa na darasa la kwanza. Kabla ya hapo tulifundisha majina ya herufi: a, be, che, de. Kuna mtoto wa dawati la mbele alikuwa anaweka kidole chini ya neno "mama", anataja "me, a, me, a", halafu anatamka "meamea", na picha ya mama iko pembeni hapo hapo. Tukapelekwa mafunzo ya kufundisha sauti. Niliporudi nikamwambia afumbe midomo, avute mmm, kisha afungue: aaa. Alirudia mara tatu, akainua kichwa akaniangalia: "Mama!" Sitausahau uso ule. Lakini mabadiliko yale yalifanikiwa kwa sababu mafunzo yalitangulia, kiongozi cha mwalimu kilifika, na ratiba ya darasa la kwanza na la pili ikapunguziwa masomo ili kusoma, kuandika na kuhesabu vipate muda wa kutosha.

Nilipohamia binafsi, vitabu vya ziada tulivichagua mchana mmoja ofisini, wakala ametandaza sampuli mezani. Mwalimu wa darasa la kwanza hakuwemo, alikuwa darasani kwake. Tukachukua vya kusoma Kiingereza. Kufika Machi, mwalimu wa Kiingereza anafundisha "a" ya "cat", wa Kiswahili anafundisha "a" ya "baba", watoto wakawa wanasoma "saa" kwa lafudhi ya Kiingereza. Kila mwalimu alikuwa sahihi kwenye somo lake. Maazimio ya kazi, yaani mipango ya nini kitafundishwa lini, hayakuwahi kuwekwa meza moja. Tulipoyaweka, tukakubaliana sauti za Kiswahili zitangulie, Kiingereza kiende kwa mazungumzo na nyimbo hadi Juni. Hali ikatulia.

Gharama nayo iangalie. Vile vitabu vya kujazia majibu ndani mdogo mtu hawezi kuvirithi, kwa hiyo kila mwaka mzazi analipa upya. Vya TET unaweza kuvisoma bure kwenye Maktaba Mtandao yao. Vilinganishe na ulivyouziwa.

Kwenye kikao cha wazazi usianze na bei. Uliza kama mwalimu wa darasa la kwanza alishiriki kuchagua, alipata mafunzo ya siku ngapi, na omba kuona azimio la kazi la Kiswahili na la Kiingereza kwa pamoja. Wakikujibu, rudi hapa utueleze walichosema, tutasaidiana kuyasoma hayo maazimio.