Ekari 400 za malisho na hela iliyoingia kwenye simu ya mtu: anzeni na daftari la mihtasari

Mkuu, nimekusoma. Kijiji cha wafugaji huko Kiteto, mkoani Manyara, mwenyekiti anasema halmashauri ya kijiji imeshampitishia mwekezaji ekari 400 kwa miaka 15, hela ya awali imeingia "kwa muda" kwenye simu ya mtu, na papo hapo kijiji jirani kinadai nusu ya malisho hayo ni yake. Unauliza muanze na hela au na mpaka. Nimekaa kamati ya fedha, uchumi na mipango ya kijiji cha wafugaji si mbali na huko, na kwa nilivyoona hizo si kesi mbili. Zote zinalala kwenye daftari moja, la mihtasari ya mkutano mkuu wa kijiji, ule wa wanakijiji wote watu wazima.

Kwanza hilo la "imeshapitishwa". Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaifanya halmashauri ya kijiji kuwa mdhamini tu wa ardhi ya wanakijiji. Kifungu cha 8 kinaizuia kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Ekari 400 ni kama hekta 160, na ukodishaji kwa mtu wa nje ukivuka hekta 30 au miaka 10 suala linapanda mpaka kwa Kamishna wa Ardhi. Kwa hiyo wajumbe wakijifungia ofisini na kugonga muhuri, hapo hakuna kilichopita. Mwekezaji mwenyewe hilo analijua, mwanasheria wake kashamwambia. Ndiyo maana msishangae mkiletewa muhtasari wa mkutano mkuu ambao hamkuukaa.

Sisi tuliletewa. Ulikuwa na tarehe ya mwezi wa tisa, vijana wote wako ronjo, kambi za muda za malisho, na mifugo, nyumbani wamebaki wazee na watoto wa shule. Lakini mahudhurio yamejaa kurasa tatu! Kalamu moja, mwandiko mmoja, na kina mama ambao miaka yote huweka dole gumba siku hiyo wote wametia sahihi, tena za kunyoosha. Eneo likaandikwa "pori lisilotumika". Wakati ni alalili, malisho ya ndama na ng'ombe wagonjwa, tunayafunga masika ili yaliwe kiangazi. Mtu wa mjini akipita Aprili hakuti hata mavi ya ng'ombe, basi anaona pori.

Kilichotuvusha hakikuwa kelele. Muhtasari ule ulidai kwamba siku hiyo ilisomwa pia taarifa ya mapato na matumizi, nadhani waliinakili ajenda ya mkutano wa nyuma ili ionekane ya kawaida. Sasa taarifa hiyo huandaliwa na kamati ya fedha, na robo ile hatukuwa tumeandaa chochote. Tukapeleka wilayani taarifa yetu ya robo iliyotangulia pamoja na vitabu vya stakabadhi. Tarakimu za ushuru wa mnada walizoandika hazikufanana na kitabu chochote. Ardhi ilirudi kwa sababu ya hesabu za ushuru wa mnada, si kwa sababu mtu alikubali kwamba alighushi.

Ndiyo maana nakwambia mkutano ujao msianze na ardhi. Daini kusomewa mapato na matumizi, ambayo ni haki yenu kila miezi mitatu. Ulizeni stakabadhi ya hela ya mwekezaji ni namba ngapi na imeingia akaunti ya kijiji tarehe gani. Isipokuwepo, iandikwe kwenye muhtasari kwamba kijiji hakijapokea hela yoyote kutoka kwa huyo bwana. Na tafadhali msile hata shilingi. Watakuja na mgao wa boma kwa boma, au fahali wawili wa sikukuu, na kesho mgao huo ndio ushahidi kwamba mliridhia. Najua ni ngumu kumwambia mtu mwenye njaa, hasa pale ambapo ile asilimia 20 ya hela ya wilaya inayopaswa kurudi vijijini mnaisikia redioni tu.

Sasa tuje kwenye mpaka. Tafuteni cheti cha ardhi ya kijiji na ramani yake. Kama vijiji hivyo viwili vilikuwa kimoja vikagawanywa, kuna uwezekano mkubwa cheti ni cha enzi za kijiji mama, kila upande unashika karatasi ileile na kuapa. Hapo kinachotakiwa ni muhtasari wa makubaliano ya mpaka uliosainiwa na halmashauri zote mbili, mpima akapande upya bikoni, yaani alama za mpaka. Baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu, halitoi hukumu, na kuishtaki halmashauri ya kijiji kunahitaji notisi ya siku 90, hivyo mahakama iwe ya mwisho.

Binafsi ningewafuata majirani kabla ya wakili. Hukohuko Kiteto, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa viliacha kuvutana vikapanga malisho kwa pamoja, mpango unaoitwa OLENGAPA kutokana na majina yao, kila kijiji kikabaki na mipaka yake ila ng'ombe wanavuka, na wafugaji kwa umoja wao wakapewa hati za hakimiliki ya kimila. Wahadzabe wa bonde la Yaeda nao walipata hati ya pamoja mwaka 2011, kisha hela ya kaboni, ile inayolipwa kwa kutunza misitu, ikakuta ardhi ina mwenyewe. Mwekezaji wenu akikuta vijiji viwili vina mpango mmoja wa matumizi ya ardhi uliopita kwenye mikutano mikuu yote miwili, hana tena wa kumpigia simu usiku.

Ukipata nakala ya huo muhtasari wao, ficha majina uweke picha ya ukurasa wa mahudhurio hapa tuuangalie.